Filamu Bora za Corinne Vasey kwa Hesabu ya Verna

Siku hizi filamu za Corinne Vasey huonyeshwa kwenye televisheni Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na wameshashiba. Kila moja ikiisha, hakosekani mtu wa mtaa wetu hapa Culver City wa kumpigia simu Verna Tuttle na kumwuliza kama hiyo nayo ilikuwa nzuri au wameipamba tu. Huulizwa yeye kwa sababu alikuwepo.

Waandishi wa magazeti wana hesabu yao. Wao husema filamu bora za Corinne Vasey ni tatu: Mjane wa Sakramento kwa ajili ya machozi, Gari-moshi la Topeka kwa ajili ya kicheko, na juu ya zote Harusi ya Monterey, kwa ajili ya neno moja tu.

Verna naye ana hesabu yake. Mjane wa Sakramento hataki hata kuisikia. Ilipigwa mwezi wa Agosti, naye alivikwa koti la manyoya chini ya taa kubwa mpaka jasho likamjaa viatuni. Gari-moshi la Topeka lilimtia kichefuchefu, maana behewa lilitikiswa na wanaume wanne kutwa nzima. Kwake filamu bora kuliko zote ni Mgonjwa wa Chumba cha Juu, ambayo hakuna anayeikumbuka na hata sinema zilizoionyesha ziliona haya. Mle ndani Corinne anaugua kitandani toka mwanzo hadi karibu na mwisho. Kwa hiyo Verna alilipwa kulala, na godoro lilikuwa la manyoya ya bata.

Na Harusi ya Monterey je? Hiyo, husema, haihesabiwi. Kisha hucheka peke yake kwenye simu, anacheka weee, mpaka anayeuliza anachoka na kukata.

Verna hakuwa mwigizaji. Alikuwa mshika nafasi. Kabla ya kamera kuanza kazi, mafundi huhitaji saa nyingi kupanga taa, na nyota hawezi kusimama muda wote huo na poda yake usoni. Basi hutafutwa mtu wa kimo kilekile, nywele zilezile, akavikwa nguo ya rangi ileile lakini ya kitambaa rahisi, akasimamishwa juu ya alama ya chaki. Huyo na wenzake huitwa kundi la pili. Taa zikiwa tayari, msaidizi wa mwongozaji huita kwa sauti, "Kundi la kwanza!" Hapo kundi la pili hutoka upesi, bila kusubiri, na nyota huingia wakiwa safi kama matunda ya asubuhi. Verna alifanya kazi hiyo miaka tisa, na hata kivuli chake hakimo ndani ya filamu.

Alikuja hapa msichana, kutoka Nebraska, wakati vumbi lilipoimeza ngano ya baba yake. Jina lake siku hizo lilikuwa Verna Stroud. Alikuwa amepanga foleni ya kazi ya dobi pale studio, na mtu mmoja akipita na utepe wa kupimia akamwangalia, akampima, akamwambia atoke kwenye foleni. Kumbe kipaji alikuwa nacho, ila hakujua kama ni kipaji: alijua kutulia. Gus Havlik, mkuu wa mafundi taa, alikuwa akisema wengine wanapeperuka kama shuka kwenye kamba, lakini Verna ukimweka mahali ni kama umechimbia nguzo. Siri yake ilikuwa ndogo. Akisimama, husali. Zaburi nyingi alizojua alizijifunza hapo, juu ya chaki, midomo ikiwa imefungwa, kwa sababu kundi la pili haliruhusiwi kusema. Wa kamera wanahitaji kimya, wa sauti wanahitaji kimya zaidi. Kwa miaka tisa Bwana alimsikia Verna kwenye sakafu ile, wala si mtu mwingine.

Sasa, Corinne Vasey alikuwa na mwenzake wa kiume, Lyle Carrington, na studio iliwaoza na kuwaachanisha katika filamu karibu kila mwaka. Na Lyle naye alikuwa na mshika nafasi wake. Jina lake Orrin Tuttle, kijana mrefu wa Fresno, masikio makubwa, mpole mpaka inakera.

Basi fikiria mwenyewe. Kila Lyle alipotakiwa kumkumbatia Corinne kwa dakika moja, Orrin alimkumbatia Verna asubuhi nzima. Gus Havlik akiwa juu kule kwenye vijia vya mbao, katikati ya taa, ndiye aliyewapanga. Atamwambia Orrin apandishe mkono wa kushoto kidogo. Atamwambia Verna alalie bega. Akiridhika anasema, "Hapo hapo. Msipumue sana," halafu anateremka kunywa kahawa, anawaacha wameshikana kama mlango na bawaba.

Ungedhani watu wa namna hiyo wangezoeana. Wapi! Saa ya chakula ikifika, Orrin alichukua sandwichi yake na kwenda kukaa meza ya mbali kabisa, uso mwekundu. Akikutana na Verna getini humvulia kofia na kumwita Bi Stroud. Naye Verna humjibu Bwana Tuttle, basi, kila mtu na njia yake. Kosa hilo, naamini, ni la watu wa kazi ile peke yao. Mahali pengine mtu akikushika mkono unajua ana lake moyoni. Pale, kushikana ilikuwa kazi ya mshahara, kama kubeba mbao. Orrin angewezaje kumwambia msichana kwamba anampenda, na asubuhi ileile ameamriwa amkumbatie ili kivuli cha pua kikae vizuri? Na Verna angejuaje kama mkono ule ulikuwa mgongoni mwake kwa mapenzi au kwa ajili ya Gus Havlik?

Aliyejua wazi ni Bi Birdie Kowalke, mjane mwenye nyumba alimopanga Verna, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi na mkono wa kuoka.

Jioni moja alimwambia, "Wewe na huyo Orrin mmekumbatiana kuliko mimi na marehemu wangu kwa miaka ishirini. Na mimi nilimzalia watano. Sasa mnaitana bwana na bibi mnamwogopa nani?"

Verna akasema ile ni kazi.

"Kazi," akasema Bi Birdie. "Mbona mtu wa kazi ukimtaja unaosha sahani moja mara mbili?"

Ikawa hivyo mpaka mwaka ule wa Harusi ya Monterey. Hapo zikaja habari mbaya. Lyle Carrington alikuwa amechoka na filamu, anataka kwenda New York kuigiza jukwaani, mbele ya watu wanaopumua. Nyota akiondoka, mshika nafasi wake hana kazi, maana kimo chake kimeondoka naye. Na kaka yake Orrin huko Fresno, Wendell, alikuwa na shamba la zabibu na mikono haitoshi. Wakakubaliana kwamba Jumamosi, filamu ikishamalizika, Wendell atakuja na lori lake amchukue mdogo wake na sanduku lake, na mambo ya studio yaishe.

Orrin alimpa Verna habari hizo getini, kofia mkononi. Alizisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Verna akamtakia heri. Kisha akaenda mpaka kwa Bi Birdie, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu utoto hakupata zaburi ya kusali. Alimwambia Mungu tu kwamba Jumamosi ni karibu, na kwamba yeye hajui hata kama anacho cha kupoteza.

Siku ya Alhamisi ndipo ilipopigwa harusi yenyewe. Ndani ya studio walikuwa wamejenga kanisa zuri, zuri kuliko letu, isipokuwa halikuwa na nyuma. Mwongozaji alikuwa hapendi waigizaji wanaojifanya wachungaji. Alisema wanabariki watu kama wanauza sabuni. Akataka mchungaji wa kweli, na aliyepatikana ni Mchungaji Amos Pell wa kanisa letu la Kimethodisti, mzee mwenye nyusi nyeupe, ambaye Verna alikuwa akikaa benchi la tatu mbele yake kila Jumapili. Mchungaji Pell alikuwa hajawahi kukanyaga studio. Aliombea jambo hilo, halafu akamwuliza mkewe, na mkewe akamwambia aende haraka akamletee habari.

Walimweka mbele ya madhabahu, wakampaka poda, wakamwambia asubiri. Jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kumweleza ni kwamba kuna kundi la pili na kundi la kwanza. Wao walilijua kama unavyojua mlango wa nyumba yako uko wapi, nani atakuja kukuonyesha?

Basi Mchungaji Pell akageuka, akaona mbele yake Verna Stroud wa benchi la tatu amevaa nguo nyeupe, na pembeni yake kijana mrefu amevaa suti nyeusi. Watu wote kimya. Taa zinawaka moja moja. Akadhani haya ndiyo mazoezi. Na yeye mazoezi ya harusi aliyajua. Alikuwa akiyafanya kila Ijumaa jioni na maharusi wa kweli, na siku zote aliyafanya kwa majina yao wenyewe, ili siku yenyewe wasije wakababaika. Akafungua kitabu chake. Akamwinamia yule kijana na kumwuliza jina. Orrin akanong'ona, akifikiri labda mzee anataka tu kujuana.

Mchungaji akaanza. Sauti yake ilikuwa ile ya Jumapili, ya kujaza nyumba. Kule juu Gus Havlik alifumbua mdomo amkatize, halafu akaufumba, kwa sababu mzee alipokuwa akisema kidevu chake kilicheza, na kivuli chake kilihitaji kupangwa kikiwa kinacheza. Akawaashiria vijana wake wamwache aendelee.

Akaendelea. Akafika mahali pake.

"Orrin Tuttle, je, unamkubali Verna Stroud awe mke wako, umpende na kumtunza, katika raha na katika shida, siku zote mtakazokuwa hai?"

Kundi la pili haliruhusiwi kusema, na Orrin alilijua hilo. Alimtazama Verna. Verna alikuwa amesimama vilevile alivyosimama kwa miaka tisa, isipokuwa leo alikuwa akimtazama yeye, si taa.

Orrin akasema, "Namkubali." Kisha, kama mtu aliyevunja sahani moja na kuona afadhali avunje zote, akaongeza, "Nimemkubali tangu ile filamu ya mvua."

Ile ya mvua ilikuwa mwaka wao wa pili. Walinyeshewa kwa mabomba wamesimama darajani siku nzima, na yeye alikuwa amemshikia mwavuli usiokuwa na kitambaa, kwa sababu kitambaa kingezuia taa.

Kule juu mtu alidondosha glavu. Ilisikika ikianguka.

Mchungaji Pell aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaona kijana huyu anajua kazi yake. Akamgeukia Verna. Akamwuliza na yeye, kwa jina lake, neno kwa neno, kama alivyomwuliza Orrin. Na kabla hajafunga mdomo, mlango mkubwa wa studio ukafunguliwa, na msaidizi wa mwongozaji, ambaye alikuwa nje na hakuwa na habari ya lolote, akaita kama anavyoita siku zote:

"Kundi la kwanza!"

Corinne Vasey akaingia. Mwongozaji nyuma yake, Lyle akimalizia sigara, wanawake wawili wameshika pindo la nguo ya lesi lisiguse sakafu.

Miguu ina mazoea yake. Ya Orrin ilishaanza kuondoka. Aliinua mmoja kutoka kwenye chaki, uso umemshuka, kama mtu aliyekubali kwamba nafasi yake imekwisha na mwenyewe amekuja. Verna alimwona akiinua ule mguu. Aliona Jumamosi, na lori la Wendell, na mashamba ya zabibu mpaka upeo wa macho. Katika miaka yote ile hakuwahi kumchelewesha nyota hata kwa kupiga chafya.

Akamshika Orrin mkono wa koti.

"Bi Vasey," akasema, "naomba unisubiri kidogo. Nimeulizwa, na bado sijajibu."

Wanasema sauti ilitoka ndogo, lakini kwa kuwa kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya vinasa sauti, kila mtu aliisikia. Mwongozaji alitaka kusema kitu. Corinne Vasey alimwekea mkono kifuani bila kumtazama. Alimwangalia mchungaji na kitabu chake, akamwangalia Orrin na mguu wake mmoja hewani, na akaelewa yote, maana hakuwa mjinga yule mama. Akaketi juu ya kreti la nyaya na nguo yake ile ya lesi, wale wanawake wakashika vichwa.

"Jibu, mwenzangu," akasema. "Mimi sina haraka."

Verna akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, mpaka Orrin akaanza kupauka. Si kwamba alikuwa na shaka. Ni kwamba alikuwa hajawahi kusema neno la kwake mahali pale, na neno nalo lilikuwa linatafuta njia. Lilipokaribia kutoka, kicheko kikalitangulia, kicheko kidogo cha pumzi, kama cha mtu aliyepapasa gizani na kugusa kitasa.

"Namkubali," akasema.

Juu kule wakaanza kupiga mbao kwa viatu. Gus Havlik alipiga kwa nyundo. Mchungaji Pell alidhani ndivyo mazoezi yanavyopongezwa studio, akainama kidogo, mpaka msaidizi wa mwongozaji alipokuja kumweleza kwamba hawa wawili si waigizaji, na kwamba hawakuwa wakifanya mazoezi ya chochote. Mzee alishtuka sana. Alivua miwani. Akaanza kuwaeleza kwa masikitiko kwamba hii si ndoa, hapana kibali cha serikali, hapana kanisa la kweli, lazima waelewe hivyo wote wawili mbele za Mungu.

"Mchungaji," Gus Havlik akasema kutoka juu, "hapa kuna mashahidi thelathini na taa zote zinawaka. Unataka ushahidi gani tena?"

Mchungaji akasema anataka kibali tu, na akawauliza wale wawili kama wanaweza kukipata kabla ya Jumamosi. Orrin akasema wanaweza. Alisema hivyo akiwa bado hajauteremsha ule mguu vizuri.

Halafu kazi ikaendelea, maana studio ni studio. Corinne na Lyle wakasimama juu ya chaki zilezile. Mchungaji akavaa miwani tena, akauliza maswali yale kwa majina ya filamu. Ilipofika zamu yake, Corinne alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, kikatoka kicheko kidogo cha pumzi, ndipo akasema, "Namkubali." Mwongozaji hakutaka arudie. Hilo ndilo neno ambalo magazeti yanaliandika hadi leo, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kulisema hivyo.

Corinne alipotoka alimfuata Verna palipokuwa na nyaya, akamwambia, "Nimekuibia. Usinishtaki."

Verna akamwambia achukue tu neno. Yeye amebaki na mwenyewe aliyeambiwa.

Jumamosi wakafunga ndoa katika kanisa letu, lenye nyuma na mbele. Gus Havlik na vijana wake walijaa mabenchi mawili, nywele zimepakwa maji. Bi Birdie alilia kabla hata watu hawajaingia. Maswali yakaulizwa, majibu yakatoka, safari hii haraka. Mchungaji Pell akawatangaza mume na mke, akamwambia Orrin anaweza kumbusu.

Orrin akamkumbatia Verna. Akaweka mkono wa kushoto juu kidogo. Verna akalalia bega. Na hapo wakatulia. Wakatulia kabisa, kwa raha zao, kama walivyozoea, na muda ukapita, mpaka watu wakaanza kukohoa na Mchungaji akatazama dari.

Gus Havlik akainuka benchi la nyuma. "Orrin, mwanangu," akasema, "leo hakuna taa. Mbusu mkeo watu wakale."

Akambusu. Walicheka kanisa zima, na Verna alicheka kuliko wote, usoni pa mumewe.

Wendell Tuttle alikuwa amekuja na lori lake kama walivyopatana, akaliegesha nje, na yeye ndiye aliyesimama kando ya mdogo wake kama shahidi, amevaa buti za shambani. Orrin alimwambia kwamba Gus amempa kazi ya kuvuta nyaya na kubeba taa, na kwamba zabibu zitamsamehe. Jioni Wendell akarudi Fresno peke yake na lori tupu. Wala hakulalamika, maana Bi Birdie alikuwa amempakilia mapai ya tufaha kiti cha mbele chote, yakiwa bado ya moto, na waliomwona akikata kona ya barabara kuu walisema alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja.